Ukiugua korona ukiwa mjamzito: hatua kwa hatua, kuanzia kikohozi cha kwanza hadi baada ya kujifungua

Mei 5, 2023 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitangaza kwamba UVIKO-19 si dharura ya dunia tena. Watu wengi walilisikia tangazo hilo kana kwamba kirusi chenyewe kimefunga virago. Hakikufunga. Bado kinazunguka pamoja na mafua mengine, na mjamzito anakipata kama anavyokipata mtu mwingine yeyote.

Habari njema nitaitoa mapema. Wajawazito wengi wanaoambukizwa siku hizi huumwa kidogo tu, na wengine hawajui hata kama waliugua. Tangu aina ya Omikroni ijitokeze mwishoni mwa 2021, na watu wengi wakiwa na kinga ya chanjo au ya kuugua zamani, makali yamepungua sana. Lakini yapo makosa mawili ambayo bado yanawagharimu kina mama. La kwanza ni kuchelewa, yaani kusubiri "nione kesho" wakati pumzi imeanza kukata. La pili ni kufunga daftari mara tu kikohozi kinapopoa, wakati shinikizo la damu na kondo la nyuma bado vinahitaji kuangaliwa. Hatua zifuatazo zimepangwa ili uyakwepe yote mawili. Kama una mtu unayeishi naye, msome pamoja, kwa sababu mgonjwa mwenyewe huwa wa mwisho kutambua kwamba amezidiwa.

Hatua ya 1: Elewa kwa nini mwili wa mjamzito unabanwa

Mfuko wa uzazi unapokua, unasukuma kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu, hadi kinapanda kama sentimita 4. Akiba ya hewa inayobaki ndani ya mapafu baada ya kutoa pumzi inapungua. Wakati huohuo mwili unatumia oksijeni nyingi zaidi kuliko kabla ya mimba, kwa kuwa unalisha watu wawili. Kwa hiyo mjamzito anaishi na akiba ndogo na matumizi makubwa. Siku za kawaida hesabu inatosha. Nimonia ikiingia, haitoshi, na inaweza kupungua kwa kasi.

Jambo la pili ni damu. Mimba huifanya damu igande kwa urahisi zaidi, na ni mpango mzuri wa mwili, kwani bila huo mama angevuja damu vibaya wakati wa kujifungua. Korona nayo huchochea damu kuganda. Ukiviweka pamoja, na mama akiwa amelala kitandani siku nzima bila kunywa maji ya kutosha, hatari ya damu kuganda kwenye miguu na kukimbilia mapafuni inaongezeka.

La tatu ndilo linalosahaulika. Korona inaugusa utando wa ndani wa mishipa ya damu, na ugonjwa wa presha ya ujauzito unaotangulia kifafa cha mimba nao unaanzia kwenye mishipa hiyohiyo. Utafiti wa INTERCOVID uliochapishwa 2021, uliofuatilia wanawake zaidi ya 2,100 katika nchi 18, ulikuta waliougua korona walipata dalili za awali za kifafa cha mimba kwa kiwango cha karibu mara 1.8 ya wasiougua, na kujifungua kabla ya wakati karibu mara 1.6. Takwimu za Marekani za 2020 zilionyesha kwamba wajawazito wenye dalili za korona walilazwa chumba cha wagonjwa mahututi karibu mara 3 ya wanawake wa rika lao wasio na mimba. Kwa idadi halisi, ni kama 10 au 11 kati ya kila 1,000, ikilinganishwa na 4 kati ya 1,000. Naandika idadi halisi kwa makusudi, maana "mara tatu" peke yake inatisha kuliko inavyoeleza. Zaidi ya 980 kati ya hao 1,000 hawakufika huko. Na hizo ni namba za mwaka wa kwanza wa janga, kabla ya chanjo.

Hatua ya 2: Jipime hatari yako kabla hujaugua

Chukua kadi yako ya kliniki na ujibu maswali haya kwa uaminifu. Je, una miaka 35 au zaidi? Ulianza mimba ukiwa na uzito uliopita kiasi? Una presha, kisukari, pumu isiyotulia, ugonjwa wa moyo, figo au selimundu? Unaishi na virusi vya UKIMWI na kinga iko chini? Umewahi kupata kifafa cha mimba au damu kuganda? Umepita wiki 28? Hujawahi kuchanjwa? Kila "ndiyo" inakusogeza karibu na kundi linalopaswa kumpigia mhudumu simu siku ileile kipimo kinaposema una korona, hata kama unajisikia vizuri.

Sasa chanjo. Majaribio ya kwanza ya 2020 hayakuwahusisha wajawazito, na ombwe hilo ndilo lililozaa uvumi mwingi. Ombwe lilizibika baadaye. Wajawazito wengi sana duniani wamechanjwa na kufuatiliwa, na chanjo za mRNA hazikuonekana kuongeza kuharibika kwa mimba. Hazina kirusi hai ndani yake, kwa hiyo haziwezi kumpa mtu korona. Kinga anayoitengeneza mama inavuka kondo na kumfikia mtoto, ambaye akizaliwa hana chanjo yoyote ya korona anayoweza kupewa kabla ya miezi 6. Uchunguzi wa Marekani uliotolewa Februari 2022 ulionyesha kwamba watoto wachanga wa kina mama waliochanjwa wakati wa ujauzito walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 61 wa kulazwa kwa korona.

WHO imewaweka wajawazito kwenye kundi la kipaumbele. Mapendekezo ya nchi yanatofautiana. Marekani, kwa mfano, Mei 2025 wizara ya afya iliacha kupendekeza chanjo kwa wajawazito wenye afya njema, huku chama cha madaktari wa uzazi wa nchi hiyohiyo kikiendelea kuipendekeza. Uliza mkunga wako utaratibu wa unapoishi, na umwambie pia lini ulipata dozi ya mwisho. Mimi ningeelemea upande wa kuchanja, hasa kama una "ndiyo" hata moja kwenye orodha ya hapo juu.

Kinga nyingine unaijua. Fungua madirisha, vaa barakoa kwenye chumba chenye watu wanaokohoa, nawa mikono. Katika hizo, hewa ndiyo muhimu kuliko zote, kwa sababu kirusi hiki husafiri zaidi kwa hewa kuliko kwa kitasa cha mlango.

Hatua ya 3: Pima mapema, na usipime korona peke yake

Dalili ni zilezile za wengine: homa, kikohozi, koo kuwasha, kichwa, mwili kuuma, kuchoka, kupoteza harufu, wakati mwingine kuharisha. Tatizo ni kwamba baadhi zinafanana na mimba yenyewe. Pua iliyoziba, uchovu na kuhema ukipanda ngazi ni mambo ya kawaida ya ujauzito. Kanuni ninayoipenda ni hii: kilichokuja polepole kwa wiki nyingi huenda ni mimba, kilichokuja kati ya jana na leo ni ugonjwa mpaka ithibitike vinginevyo.

Kipimo cha haraka kikitoa "hasi" siku ya kwanza ya dalili, usishangilie. Rudia baada ya saa 48, kwani mwanzoni kirusi kinaweza kuwa hakijajaa puani vya kutosha kuonekana. Na kama unaishi au umetoka kusafiri mahali penye malaria, homa ya mjamzito ipimwe malaria siku hiyohiyo, hata kama kipimo cha korona kimekuwa chanya. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili, na malaria katika mimba haina subira. Kuungua wakati wa kukojoa na maumivu ya ubavuni navyo vitajwe, maana maambukizi ya figo ni chanzo kingine cha homa kinachofichwa kwa urahisi chini ya jina la korona.

Hatua ya 4: Fungua daftari la siku

Hatua hii haina gharama, na kwa maoni yangu ina thamani kuliko zote. Andika tarehe ya dalili ya kwanza. Hiyo ndiyo siku ya kwanza. Kuanzia hapo, asubuhi na jioni, andika vitu vinne: joto la mwili, idadi ya pumzi kwa dakika, kiwango cha oksijeni kama una kifaa cha kidoleni, na mtoto anavyocheza.

Kwa nini siku zihesabiwe? Kwa sababu korona ina tabia ya kudanganya. Siku nne au tano za kwanza zinaweza kuwa mafua tu. Wale wanaozidiwa, wengi huanza kuzidiwa kati ya siku ya 5 na ya 10, wakati mwili unapopambana kupita kiasi na mapafu kuvimba. Anayejisikia afadhali siku ya nne hana cheti cha kupona bado. Anayefika siku ya kumi bila kukata pumzi anaweza kuanza kupumua, kwa maana zote mbili za neno hilo.

Kuhesabu pumzi: mwenzako akuangalie kifua kikipanda na kushuka kwa dakika nzima, ukiwa umekaa na hujui anahesabu. Ukijua, utabadilisha pumzi bila kutaka. Mjamzito huvuta hewa nyingi zaidi kwa kila pumzi, lakini idadi ya pumzi haibadiliki sana kutokana na mimba. Kwa hiyo 16 au 18 ni sawa. Zikifika 24 ukiwa umetulia, usiseme "ni tumbo tu".

Kifaa cha kidoleni nacho kina masharti. Futa rangi yoyote iliyopakwa kwenye kucha, pasha mkono moto, kaa kimya dakika tano, kisha soma namba iliyotulia. Kwa mjamzito tunataka asilimia 95 au zaidi, kiwango cha juu kidogo kuliko tunachoweza kukivumilia kwa wengine, kwa sababu mtoto anategemea oksijeni ya mama peke yake. Na hili liandikwe kwa herufi kubwa: kwa watu wenye ngozi nyeusi kifaa hiki wakati mwingine husoma juu kuliko hali ilivyo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa Desemba 2020 ulikuta kwamba upungufu wa oksijeni ulipitwa na kifaa kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu ya ulivyopitwa kwa weupe. Kifaa kikisema 96 lakini mama hawezi kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, mwamini mama.

Nyumbani, kunywa maji mara kwa mara kabla kiu haijaja. Kula kidogo kidogo. Usilale siku nzima: kila saa moja au mbili amka, tembea chumbani, zungusha vifundo vya miguu, damu isisimame. Ukipita wiki 20 lala ubavu, kushoto ikiwezekana, kwani ukilala chali mfuko wa uzazi unaukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Kujifukiza mvuke hakuui kirusi kilicho mapafuni, na mjamzito anayeinamia maji ya moto anaweza kuzimia au kuungua. Kama ni kuzibua pua, maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa yanatosha.

Hatua ya 5: Dawa za nyumbani, zipi na zipi hapana

Homa ishushwe. Joto kali la mama, hasa wiki za mwanzo wakati uti wa mgongo wa mtoto unajengwa, si jambo la kuvumilia kishujaa. Parasetamoli ndiyo dawa ya kwanza: miligramu 500 hadi 1,000 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa saa 24. Septemba 2025 zilizuka habari nyingi zikiihusisha na usonji, na WHO ikajibu kwamba hakuna ushahidi thabiti wa uhusiano huo. Tumia dozi ndogo inayotosha, kwa siku chache, na usiiogope.

Ibuprofeni, diklofenaki na ndugu zake ziache, hasa baada ya wiki 20. Zinaweza kupunguza maji ya uzazi kwa kuathiri figo za mtoto, na karibu na kujifungua zinaweza kufunga mapema mshipa wa moyo wa mtoto unaopaswa kubaki wazi hadi azaliwe. Tofauti ni aspirini ya dozi ndogo uliyoandikiwa kuzuia kifafa cha mimba. Hiyo usiiache kwa sababu ya korona bila kuuliza. Dawa za presha, kisukari, pumu, kifafa na za kufubaza virusi vya UKIMWI ziendelee vilevile.

Antibayotiki haziui virusi. Zitumike tu daktari akiona maambukizi ya bakteria. Kama uko kwenye kundi la hatari, uliza mapema kuhusu vidonge vya nirmatreliviri na ritonaviri, maana vinatakiwa kuanza ndani ya siku 5 za mwanzo, na vimetumiwa na wajawazito. Taja kila dawa unayomeza, kwa kuwa ritonaviri inagombana na nyingi. Molnupiraviri, dawa nyingine ya korona, haipendekezwi kwa mjamzito, kwani kwa wanyama wa maabara ilidhuru vijusi.

Hatua ya 6: Jua dakika ya kuondoka nyumbani

Ondoka mara moja, mchana au usiku, ukiona lolote kati ya haya: kukosa pumzi ukiwa umekaa au unapoongea, kifua kubana au kuuma, midomo au kucha kuwa za bluu au kijivu, kuchanganyikiwa, kusinzia kusikoamshika au kuzimia, oksijeni chini ya 95 baada ya kupima mara mbili, kukohoa damu, mguu mmoja kuvimba na kuuma, homa isiyoshuka kwa parasetamoli. Kwa upande wa mimba: damu ukeni, maji kuvuja, uchungu kabla ya wiki 37, kichwa kinachopasuka, macho kuona ukungu au nyota, maumivu makali juu ya tumbo upande wa kulia, uso na mikono kuvimba ghafla, degedege.

Mtoto akipunguza kucheza, nenda siku hiyohiyo. Usisubiri hadi kesho yake, na usijaribu kumwamsha kwa kunywa kitu baridi kisha kungoja saa nyingi. Hakuna idadi moja ya mateke inayofaa kila mimba. Unachokijua wewe ni mtindo wa mtoto wako, na mtindo ukibadilika hiyo ni habari.

Ukifika, usianze na historia ndefu. Piga simu kabla kama inawezekana, vaa barakoa, na useme kitu kama hiki:

"Nesi, nina ujauzito wa wiki 31. Leo ni siku ya saba tangu nianze kukohoa, kipimo cha korona kilitoka chanya siku ya pili. Tangu asubuhi nahema hata nikikaa, pumzi ni 26 kwa dakika, oksijeni 93. Mtoto anacheza lakini kidogo kuliko jana. Nina presha, natumia dawa hizi."

Maneno hayo yanachukua chini ya nusu dakika na yanampa mhudumu kila anachohitaji kukupeleka mbele ya foleni. Kama huwezi kuyasema, daftari liyaseme. Mkabidhi anayekusindikiza.

Hatua ya 7: Hospitalini, usinyimwe tiba kwa sababu ya tumbo

Mwanzoni mwa janga wajawazito wengi walipewa huduma pungufu kwa hofu ya kumdhuru mtoto. Hofu hiyo ina mantiki ya juu juu, lakini mtoto hana mapafu yanayofanya kazi. Anapumua kupitia kwa mama, na kumnyima mama tiba ni kumnyima yeye oksijeni.

Picha ya eksirei ya kifua inampa mtoto mionzi isiyofika milligrei (kipimo cha mionzi) 0.01. Madhara kwa kijusi huanza kufikiriwa kwenye kiwango cha milligrei 50. Ipigwe ikihitajika. Oksijeni itolewe mapema, lengo likiwa 95 kwenda juu au karibu na hapo. Mama anayeweza kugeuka anaweza kulazwa ubavu, au hata kifudifudi akiwekewa mito inayoacha nafasi ya tumbo.

Kuhusu steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe wa ndani: jaribio la RECOVERY la Uingereza, Juni 2020, lilionyesha kwamba deksamethasoni ilipunguza vifo kwa takriban theluthi moja kwa wagonjwa walio kwenye mashine ya kupumulia, na kwa moja ya tano kwa wanaohitaji oksijeni. Wajawazito waliruhusiwa kwenye jaribio hilo, ila wao walipewa prednisoloni au haidrokotisoni. Sababu inapendeza kuijua. Kondo la nyuma linaivunjavunja prednisoloni kabla haijafika kwa mtoto, lakini deksamethasoni inapita. Inapotakiwa ipite, ili kukomaza mapafu ya mtoto anayekaribia kuzaliwa kabla ya wakati, ndipo inapochaguliwa. Kwa hiyo ukisikia madaktari wakibadilisha jina la steroidi, usidhani wamekosea. Kwa asiyehitaji oksijeni, steroidi za kutibu korona hazisaidii.

Muulize daktari swali moja bila aibu: "Nitachomwa sindano ya kuzuia damu kuganda?" Mjamzito aliyelazwa kwa korona kwa kawaida hupewa heparini, isipokuwa anavuja damu au uchungu umekaribia. Ukiruhusiwa kurudi nyumbani, uliza kama iendelee na kwa siku ngapi.

Mtego mmoja unawahusu zaidi madaktari, lakini mama akiujua hadhuriki. Korona kali inaweza kupandisha vimeng'enya vya ini na kushusha chembe sahani za damu, picha inayofanana kabisa na kifafa cha mimba kinachonyemelea. Kutofautisha ni muhimu, kwa sababu tiba ya mwisho ya kile cha mimba ni kuzalisha, na ya korona si hiyo. Ndiyo maana damu na mkojo vinaweza kupimwa tena na tena.

Hatua ya 8: Baada ya kikohozi kupoa

Hapa ndipo wengi huteleza. Umepona, pua imefunguka, kliniki iliyopita uliikosa kwa sababu ulijitenga. Usingoje tarehe ya mwezi ujao. Ukimaliza siku za kujitenga zinazotakiwa unapoishi, omba miadi ya kufidia.

Ukifika, hakikisha presha imepimwa na mkojo umeangaliwa protini, na hilo lirudiwe kila ziara hadi ujifungue. Kama uliumwa hadi ukalazwa, uliza kuhusu kipimo cha altrasaundi cha kuangalia ukuaji wa mtoto na maji ya uzazi, kwa kawaida wiki mbili au zaidi baada ya kupona.

Sababu ni kondo la nyuma. Mara chache, lakini kwa ukatili, kirusi huingia ndani ya kondo na kuliharibu. Uchunguzi wa 2022 uliokusanya vifo vya watoto 68, waliofia tumboni au punde baada ya kuzaliwa, kutoka nchi 12 ulikuta kwamba kwa wastani zaidi ya robo tatu ya kondo lilikuwa limekufa. Mtoto mwenyewe mara nyingi hakuwa na tatizo. Alikosa njia ya hewa. Kina mama wote hao walikuwa hawajachanjwa. Takwimu za Marekani kutoka uzazi zaidi ya milioni 1.2 zilionyesha kwamba hatari ya mtoto kufia tumboni ilikuwa karibu mara 2 kwa mama mwenye korona wakati wa kujifungua, na ikafika mara 4 wakati wa aina ya Delta. Hata hivyo, wengi mno wa waliougua walizaa watoto hai. Ninachoomba ni kwamba wiki chache baada ya kuugua uwe mkali zaidi kuhusu mtoto anavyocheza, hata kama umma mzima unakuambia umeshapona.

Hatua ya 9: Kujifungua na kunyonyesha

Korona peke yake si sababu ya upasuaji. Upasuaji hufanywa kwa sababu za kawaida za uzazi, au mama akiwa amezidiwa kiasi kwamba kumtoa mtoto kutasaidia kupumua kwake. Uchungu ukikukuta bado unaumwa, wajulishe kabla ya kufika. Una haki ya kuwa na msindikizaji uliyemchagua, mradi haumwi na anavaa barakoa; WHO iliusisitiza msimamo huu hata wakati wa kilele cha janga. Kitovu kinaweza kungoja dakika 1 hadi 3 kabla ya kukatwa, na mtoto anaweza kuwekwa kifuani, ngozi kwa ngozi.

Wachache sana kati ya watoto, chini ya 2 kwa kila 100 wa kina mama wenye korona, hupimwa na kukutwa nayo, na wengi wao hawaumwi sana. Maziwa ya mama hayajaonekana kupitisha kirusi. Yanapitisha kingamwili. Nawa mikono, vaa barakoa unaponyonyesha, usimkoholee usoni, na umnyonyeshe. Kama huna nguvu, kamua, na mtu mzima wa afya ampe kwa kikombe.

Wiki 6 baada ya kujifungua ndizo wiki hatari kuliko zote kwa damu kuganda, na kwa presha kupanda bila taarifa. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni visianzwe kipindi hiki bila ushauri.

Hatua ya 10: Uchovu usioondoka, na moyo mzito

WHO inaita hali ya baada ya UVIKO ile inayokuwapo miezi 3 tangu kuugua, ikiwa imedumu angalau miezi 2 bila maelezo mengine: kuchoka sana, kuhema, kusahau, moyo kwenda mbio. Utafiti wa Marekani wa 2024 uliikuta kwa wanawake wapatao 9 kati ya 100 walioambukizwa wakiwa wajawazito, miezi 6 au zaidi baadaye. Ugumu ni kwamba mama mwenye mtoto mchanga akisema amechoka, jibu analolipata ni "mtoto ndivyo alivyo". Kwa hiyo eleza kwa kulinganisha: mwezi uliopita nilifua na kupumzika mara moja, sasa nikifua nalala siku mbili. Omba wingi wa damu upimwe, na tezi ya shingo, na moyo, kwani upungufu wa damu baada ya kujifungua unafanana na hali hii na unatibika.

Moyo mzito nao utajwe kwa jina lake. Kulala chumba cha peke yako ukihesabu pumzi, ukiwaza mtoto, kunaacha alama. Ukipita wiki 2 ukilia bila sababu, ukikosa usingizi hata mtoto akilala, au ukiwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, hiyo ni dharura kama ile ya pumzi, na mkunga aliyekupima presha anaweza kukuelekeza kwa mtaalamu.

Daftari lako usilitupe. Mimba nyingine ikija, lipeleke kliniki siku ya kwanza, likiwa na tarehe uliyougua, wiki za mimba wakati huo, presha ilipofika na dawa ulizopewa. Huenda kwenye kadi mpya hakuna mahali panapouliza hayo, kwa hiyo yaandike mwenyewe pembeni.